Dalali Aliyetukatalia Nyumba

Dalali hakupenda mtu aingie nyumba ngeni kwa haraka. Akikupeleka kuona nyumba, alisimama kwanza ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akaitazama kama mtu anayemtazama kijana aliyekuja kuposa. Ukitangulia mbele yake alikushika kiwiko.

"Ngoja," alisema. "Nayo inakutazama."

Halafu ndipo alipovuka, akabisha hodi mara tatu hata kama nyumba ilikuwa tupu na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Madalali Dar es Salaam walikuwa wengi. Kulikuwa na wa samaki kule Feri, wa nazi na wa kuku pale sokoni Kariakoo, na wa mali za mnada. Lakini ukisema "Dalali" bila kuongeza neno, watu wa mitaa iliyo kati ya soko na Mnazi Mmoja walijua unamsema mtu mmoja tu: yule mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti jeusi juu ya kanzu, aliyewatafutia watu nyumba za kupanga. Jina alilopewa na wazazi wake sikulisikia hata siku moja. Sikuuliza, na aibu ya kutouliza ninayo mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba alipohamishwa kutoka Tabora. Alikuwa karani wa reli. Sisi tulikuwa Waarabu wa kule bara, na kule bara baba alikuwa amefundishwa hoki, mpira wa magongo, na makarani wenzake wa Kigoa. Ilimwingia kichwani kama homa. Akawafundisha kaka zangu wawili, Nasoro na Saidi. Na kwa kuwa mchezo wa uani ulikosa mtu wa kulinda goli, akanifundisha na mimi. Mama peke yake ndiye hakushika gongo, lakini ndiye aliyekaa mlangoni mwa jiko akiamua nani amekosea, na baba mwenyewe alimwogopa. Tulishuka stesheni ya Dar es Salaam tukiwa na vitanda viwili, masanduku manne, na magongo matano, moja la akiba, yaliyofungwa kamba kama kuni.

Dalali alituona hivyo hivyo. Baba alikuwa ameelekezwa kwake na karani mmoja wa stesheni. Alitusikiliza mmoja mmoja, akianza na baba. Baba alitaka nyumba karibu na kiwanja kizuri. Mama alitaka bomba la maji lisiwe mbali, na majirani wasiopigana. Kaka zangu walitaka mtaa wenye vijana wa kucheza nao. Kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo sikulitarajia.

"Na wewe, binti? Wataka nini?"

Nilimtazama mama. Njiani, ndani ya gari la moshi, shangazi yetu mmoja aliyesafiri nasi alikuwa amesema kwamba mjini msichana wa umri wangu haonekani akikimbia, na kwamba magongo yangu yameishia Tabora. Mama hakumjibu, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu safari nzima.

"Nataka ua mkubwa," nilisema, kwa sauti ndogo.

Dalali hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa agizo na mkubwa wake. "Ua mkubwa," alirudia. "Wenye ukuta mrefu, au mfupi?"

"Mrefu."

"Haya."

Kutafuta nyumba Dar es Salaam wakati ule halikuwa jambo la kusema napenda hapa, nakaa hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeupanga mji kama mtu anavyopanga vyombo kabatini. Uzunguni kwa Wazungu, pembeni ya bahari. Uhindini kwa Wahindi na maduka yao. Uswahilini ndiyo Kariakoo na mitaa yake. Sisi hatukujua rafu yetu ni ipi. Baba alitaka Uhindini, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wacheza hoki. Dalali hakumkatalia. Alimpeleka siku mbili mfululizo, jua kali, na mimi niliwafuata. Kwenye nyumba ya tatu mwenye nyumba alituangalia sote, akasema imeshachukuliwa.

"Imechukuliwa na nani?" Dalali aliuliza.

"Na mtu."

"Basi mpe salamu zangu huyo mtu," alisema Dalali, akatuondoa.

Baba alitembea, masikio yamemwiva. Dalali, ili asimwache na aibu yake, akaanza kusimulia jinsi alivyowahi kuishi Bombay katika nyumba ya ghorofa saba, chumba chake kikiwa cha saba, na jinsi kunguru walivyomletea mkate dirishani. Baba alicheka bila kutaka. Baadaye tulikuja kujua kwamba Dalali hakufika Bombay. Hata Unguja alifika mara moja tu, akaugua njia nzima. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Habari za nyumba hakuzisemea uongo hata kidogo, na kwa hilo alikosa kazi nyingi. Habari zake mwenyewe alizisemea uongo tangu asubuhi mpaka magharibi. Nilimsikia akisema ana miaka hamsini, na mwaka huo huo akisema alikuwa mtu mzima Wadachi, wale Wajerumani, walipoingia.

Alikuwa na maneno yake. "Usiulize nyumba ina vyumba vingapi, uliza jirani anaamka saa ngapi." "Paa ni la mwenye nyumba, mlango wa mpangaji, ukuta wa jirani." Mtu akimwambia nyumba ni mbaya, alijibu kwamba hajaona nyumba mbaya, ameona watu waliokaa pasipo pao. Na baada ya kumpata mpangaji hakumsahau. Siku arobaini zikipita alirudi, akabisha hodi, akakaa barazani, akauliza: "Mnalala?" Hakuuliza jingine. Ukimjibu kwamba mnalala, alikunywa kahawa yake akaenda. Ukisita, alivua kofia akaiweka gotini, na hapo ndipo ungejua hatoki mpaka umemwambia yote.

Alikuwa mgumu pia. Aliwachukia madalali wenzake kwa chuki isiyo na haya. Hakukubali kuwatafutia nyumba watu wa ngoma ya beni, akisema tarumbeta na mgonjwa haviwezi kukaa mtaa mmoja. Lakini sikukuu ya Idi tulimwona kwa macho yetu nyuma kabisa ya maandamano ya beni, koti limefungwa vifungo vyote, anapiga hatua kama askari. Saidi alimwita. Akajifanya hasikii.

Sasa nieleze habari ya nyumba ya Msimbazi.

Aliyeiona kwanza ni baba. Ilikuwa kiangazi. Nyumba ilisimama peke yake upande wa bonde la mto, vyumba sita, ua mpana, na mbele yake kiwanja cha udongo kilichokauka, sawasawa kama meza, bila mti wala jiwe. Baba alidundisha mpira pale. Akaupiga kwa gongo, ukateleza moja kwa moja mpaka mwisho bila kuruka. Sikuwahi kumwona na uso ule. Alimwita Dalali, akamwambia ameshapata, amfanyie mpango na mwenyewe.

Dalali alisimama ng'ambo kama kawaida yake. Safari hii hakuvuka.

"Bwana Karani, hapa hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana nyumba. Hiki ni kitanda cha mto. Mwenyewe katoka kidogo, atarudi."

"Mto uko kule mbali."

"Leo uko mbali."

Baba akasema ameishi bara, ameiona mito mikubwa kuliko huo. Dalali akamjibu taratibu kwamba mito ya bara inashuka tu, lakini wa Msimbazi unashuka na bahari inapanda, vinakutana pale pale walipo. Ndipo alipovuka, akaenda kwenye ukuta uliopakwa chokaa mpya, akaukwaruza kwa ncha ya ufunguo. Chini ya chokaa palikuwa na mstari wa rangi ya chai, usawa wa kifua changu.

Baba aliutazama ule mstari. Halafu akatazama kiwanja. Nafikiri aliona vizuri. Ila alikuwa ameshapenda.

"Kazi yako ni kunipa nyumba au kuninyima?" alimuuliza.

"Leo ni kukunyima."

Waliachana pale, baba akiwa amekasirika. Akatafuta dalali mwingine, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumehamia.

Sitasema uongo: tulifurahi. Makarani wa Kigoa walikuja na magongo yao siku za Jumapili, na baba aliwaonyesha kile kiwanja kama mtu anayeonyesha farasi. Mimi nililinda goli uani mpaka viganja vikaota sugu. Mama alikuwa akikutana na Dalali sokoni, na kila mara Dalali alimuuliza jambo moja: "Ukuta wa nyuma umeanza kutoa jasho?" Mama alijibu bado. Siku moja alijibu ndiyo. Dalali akamshukuru kana kwamba amepewa zawadi, akaenda zake.

Masika ilipoingia ilinyesha siku tatu bila kukoma. Asubuhi ya siku ya nne baba alikuwa ameshaenda kazini. Maji hayakuja na kelele kama nilivyodhani. Yalipita chini ya mlango wa uani yakiwa yamebeba makapi ya mahindi, polepole, kama mgeni mwenye adabu. Baada ya muda mfupi yalifika magotini mwangu. Mama alitupandisha sote kitandani, akaanza kusoma dua, na nilijua kwamba anaogopa kwa kuwa alisoma sehemu ile ile mara tatu.

Ndipo tuliposikia hodi. Mara tatu.

Alikuwa Dalali. Kanzu ameifunga kiunoni, koti lake jeusi amelikunja akaliweka kichwani. Nyuma yake hamali wawili walikuwa wamesimama na rukwama pale ardhi ilipoinuka.

"Bi Mkubwa, watoto kwanza. Masanduku baadaye. Vitanda tuviombee Mungu."

Alinibeba mimi mgongoni. Maji yalikuwa kiunoni mwake, na nilihisi mbavu zake zikitetemeka kwa baridi. Mama alimuuliza amejuaje. Akasema mvua ya bara imeshuka, na leo ni bamvua, bahari imejaa mpaka juu, kwa hiyo mto hauna pa kwenda. Alikuwa amezihesabu siku za mwezi tangu ule ukuta ulipoanza kutoa jasho.

Tulipokwisha kufika pakavu, Saidi akaanza kulia. Magongo yamebaki. Mama alimkemea kwa ukali. Dalali, ambaye siku zote alisema hoki ni wazimu, watu wazima kugombea jiwe, alimtazama Saidi, akatazama ile nyumba, akavuta pumzi. Kisha akageuka, akarudi majini. Mama alipiga kelele kumwita. Tulisimama mvuani tukimngoja, na sikumbuki kungoja kokote kurefu kama kule. Alipotokea, yale magongo matano yalikuwa begani mwake na maji yalikuwa kifuani.

"Kuni zenyewe zimepinda," alisema alipofika, meno yakigongana. "Ningejua nisingerudi."

Alitupeleka kwake. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonishangaza kuliko mafuriko. Mtu yule aliyewapa nusu ya Kariakoo mahali pa kulala alikuwa na chumba kimoja cha kupanga: kitanda cha kamba, mkeka, na msumari wa kutundikia koti. Mama alishindwa kujizuia, akamuuliza kwa nini hana nyumba. "Mpishi hushiba harufu," alijibu. Akatuachia chumba chote, yeye akahamia barazani.

Baba, aliyeelekezwa na hamali mmoja, alifika alasiri, viatu mkononi. Alitukuta sote wazima, tunakunywa uji. Alimtazama Dalali. Sote tulingoja aseme. Hakusema. Alikaa chini, akaegemea ukuta, akajifunika uso kwa mikono. Baba yangu alikuwa mtu mwema, lakini neno "nimekosa" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Na Dalali, kwa siku zote nilizomfahamu, hakusema "niliwaambia". Watu wa mtaani walipomuuliza, aliwajibu, "Ni wageni. Na mvua ya mwaka huu haikuwa na adabu."

Siku ya nne baada ya mafuriko alitupeleka kwa mjane mmoja wa Kimanyema aliyekuwa na nyumba Kariakoo, karibu na ule uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Bibi yule alikuwa maarufu kwa kupenda utulivu. Alituangalia kutoka barazani kwake, macho yakaishia kwenye magongo.

"Hayo ni ya nini?"

Baba alifungua mdomo. Dalali akamwahi. "Ya mchezo, Bibi. Na mpira wao ni mgumu kama embe bichi. Hawa watakuvunjia kitu."

"Sasa mbona unaniletea?"

"Kwa sababu wakivunja watakwambia siku hiyo hiyo. Una wapangaji wangapi wa namna hiyo?"

Bibi alitafuna tambuu yake. "Na huyu msichana?"

"Huyu ndiye anayezuia mpira usifike kwenye mitungi," alisema Dalali. "Huyu usimguse. Ndiye bima yako."

Yule bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Akatuonyesha nyumba. Nyuma palikuwa na ua mpana, umezungushiwa ukuta wa mabati na mawe, mrefu kuliko baba. Nilisimama katikati yake nikageuka pande zote. Hakuna dirisha la mtu lililotazama ndani. Nilimtafuta Dalali nimwambie kitu, lakini alikuwa barabarani tayari, anagombana na dalali mwingine.

Mtungi wa kwanza niliuvunja mimi, wiki ile ile ya kwanza. Nilikwenda kusema. Bibi alinipa kashata, akaniambia nisimwambie mtu kwamba amenipa. Kaka zangu walipata vijana wa kuwafundisha pale Mnazi Mmoja, wa Kizaramo, wa Kishihiri, wa Kihindi, wakicheza pamoja pale ambapo mji ulitaka kuwatenganisha. Dalali alikuja kusimama pembeni Jumamosi jioni, akiuliza kila mara kama yule mwenye filimbi ndiye mwenye uwanja. Mimi nililinda goli uani mpaka nilipoolewa. Shangazi alikuja, akasema yake. Mama akamjibu, safari hii, kwamba ukuta ni mrefu.

Mara ya mwisho nilimwona Kivukoni. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa na mtoto wa miezi sita. Nilikuwa nimetoka Feri na mume wangu kununua samaki wa changu, asubuhi, wanadi samaki wakipiga kelele nyuma yetu, nikamwona amekaa juu ya gunia moja, anangoja mashua ya Kigamboni. Alikuwa amekonda zaidi. Macho yalikuwa na utando.

"Shikamoo, Dalali."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Zuwena. Binti wa karani wa reli."

"Ah! Mlinda goli." Akanyoosha mkono, akagusa kichwa cha mtoto. Akaniambia anahamia kwa mtoto wa dada yake ng'ambo, kwa kuwa hawezi tena kuona njia. Alisema daktari amemwambia macho yamechoka kwa kusoma vitabu vingi vya Kifaransa. Mume wangu, asiyemjua, aliitikia kwa heshima.

Nilikuwa na kitu moyoni kwa miaka yote ile, nikaona kama sikisemi sasa sitakisema. Nikamwambia, "Baba hakukuomba radhi. Wala hakukushukuru. Mimi nakuomba radhi kwa ajili yake, na nakushukuru kwa ajili yetu sote."

Aligeuza uso upande wangu, akashangaa kweli.

"Nani kakwambia hakuomba?"

"Tungejua."

"Mngejuaje? Alikuja peke yake, Ijumaa, baada ya sala. Akakaa. Nikatia kahawa. Akanywa vikombe saba, hasemi. Nami nikanyamaza, nimwambie nini? Akainuka kwenda. Akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akaniambia, 'Bawaba zako zinalia.' Nikamwambia zina miaka mingi zinalia. Kesho yake akarudi na bisibisi na mafuta ya mashine, kutoka huko kwenye reli yenu. Akaupachua mlango mzima. Akautengeneza, akaurudisha. Jasho linamtoka, karani wa watu." Dalali akatabasamu. "Mwanangu, wako watu wanaomba radhi kwa bisibisi. Niliielewa, na nilimsamehe pale pale. Mlango ule haukulia tena mpaka juzi nilipourudisha ufunguo."

Mume wangu alimchukua mtoto, nami nikakaa chini mchangani, pembeni ya gunia, nikalia kwa ajili ya baba kama sikulia siku ya maziko yake. Dalali hakunibembeleza. Alikaa tu, mkono wake begani mwangu, mpaka mashua ilipofika.

Nilivua viatu nikamwongoza majini, mume wangu akabeba gunia. Wapiga makasia walimpokea, wakampa nafasi katikati. Nilisimama pale, maji magotini, nikimpungia mkono ingawa nilijua haoni. Walipoanza kuondoka, alikuwa ameshamgeukia mtu aliyekaa naye, mgeni kabisa, na nikamsikia akimuuliza anakaa wapi, na kama anapapenda.